Mbuzi wa Jirani na Gari la Baba

Baba alinunua gari lake baada ya kustaafu mgodini, na tangu siku hiyo sisi watoto wake tukashuka daraja. Lilikuwa jeusi ti. Nilimwuliza nani ananunua gari jeusi hapa Kolwezi, ambako malori ya madini hupita mchana kutwa na vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari. Akanijibu kwamba shemasi haendi kanisani na gari la rangi ya biskuti.

Kila asubuhi, kabla ya chai, alitoka na fulana kuukuu akalipangusa. Alifanya taratibu, kwa mizunguko midogo, huku akilisemesha kwa Chiluba, lugha ya wazee wake wa Kasai ambayo sisi hakujisumbua kutufundisha. Nilimcheka, lakini pia nilipenda kumtazama.

Jirani yetu ni mama mjane. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyetupikia na kutusuka nywele. Magoti yake ni mabovu, kwa hiyo kila Jumapili alikaa kiti cha mbele cha gari la baba, mkoba mapajani, mpaka kanisani Manika. Ana pia mbuzi jike mweupe, mtundu ajabu, anayeamini kwamba uwanja wetu ni wake.

Siku moja jua lilipiga sawasawa na baba akaona mikwaruzo. Ilikuwa myembamba, imetapakaa boneti nzima na milango yote. Akaenda uani kwa jirani akifoka.

“Mama, mbuzi yako inaniharibia motokari!”

“Tata, mbuzi yangu haina kosa,” akajibu, akimwita baba kwa jina la heshima la wazee.

“Basi uende na mbuzi yako ku kanisa!”

Jumapili iliyofuata yule mama alikwenda kwa teksi-moto, pikipiki ya abiria. Tulimkuta njiani, amevaa kitenge chake cha ibada, mguu mmoja umechomoza kando kwa sababu goti halikunjiki, vumbi la malori likimmwagikia. Baba alimpita macho mbele. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, kile cha mbele kitupu, na nilikasirika hata sikuimba wimbo wowote siku hiyo. Mambo yakaendelea hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Yule mama alimfunga mbuzi wake kwa kamba na hakutuletea tena sombe, mboga yake ya majani ya muhogo.

Nikamshawishi baba tupeleke gari kwa fundi wa rangi. Nilitumaini kwamba mikwaruzo ikiondoka, hasira nayo itaondoka. Fundi alikuwa mtaa wa Kasulo, chini ya mabati, kando ya nyumba ambazo wenyewe walichimba kobalti chini ya sakafu zao. Kwanza alilimwagia gari maji mengi. Kisha akapitisha ukucha juu ya boneti, akaitikia kwa kichwa kwa furaha, kwani ukucha haukunasa popote: mikwaruzo ilikuwa ya juu juu. Halafu akachukua msasa laini, akaulowesha, akaanza kusugua.

Baba nusura azimie. “Unafanya nini?”

“Pumua, tata.”

Alisugua sehemu ya ukubwa wa kiganja, sikio lake likiwa karibu kama anayesikiliza mtoto akipumua. Rangi ikafifia ikawa ya majivu. Akapaka polishi, akachukua kitambaa laini, na weusi ukarudi, mzito, unaong'aa. Ndani yake niliona ukingo wa mabati na mdomo wa baba uliobaki wazi. Nimeona wengi wakifanya kazi. Wachache wana mikono ya namna ile.

Ndipo akauliza gari lilipatwa na nini. Baba akamsimulia mashtaka yote ya mbuzi. Fundi alisikiliza hadi mwisho bila kutabasamu, kisha akaleta mlango mmoja mweusi wa gari uliokuwa umeegemezwa kando ya barabara. Alikuwa ameung'arisha jana yake, na sasa vumbi lilikuwa limeshaufunika.

“Tata, unionyeshe namna unapangusaka motokari yako.”

Baba alifurahi kuombwa. Alitoa fulana yake chini ya kiti, akakunja mikono ya shati, akapangusa kwa ile mizunguko midogo. Fundi akaumwagia mlango maji, akaukausha polepole, akaugeuzia jua. Mizunguko ilikuwa imechoreka pale pale, myembamba, ileile iliyokuwa kwenye gari letu. Fundi ghafla akakumbuka kwamba ana kitu cha kutafuta nyuma ya karakana, akakawia huko. Nampenda mtu yule mpaka leo kwa kukawia kwake.

Baba alisimama na fulana mkononi. “Vumbi iko na mawe,” akasema chini chini. “Kumbe njo mi mwenyewe niliiharibu.”

Jioni gari lilirudi linameremeta. Nilidhani ataingia ndani anyamaze, maana ni mtu wa kiburi. Badala yake alifunga vifungo vya koti na kwenda moja kwa moja kwa jirani, aliyekuwa akichambua sombe mlangoni.

“Mama, haina mbuzi iliharibu motokari. Njo mi, na kitambaa yangu.”

Yule mama hakuinua kichwa. “Haukunishitaki mi, tata. Ulishitaki mbuzi. Umuombe yeye pardon.”

Barabara ilijaa watu wanaotoka kazini, vijana wachimbaji wenye magunia, wote wakitazama. Baba alinyoosha koti kama anavyofanya akipanda kusoma Neno, akamwendea mbuzi, akainama.

“Mbuzi, nilikusingizia,” akasema kwa sauti ya kanisani. “Unisamehe.” Kisha akaifungua kamba.

Vijana walipiga vifijo. Yule mama alicheka mpaka sombe ikamwagika. Mimi nililia waziwazi, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu mkubwa kiasi kile.

Jumapili alitoka na ndoo, maji kwanza, kitambaa baadaye. Kisha akamfungulia jirani mlango wa mbele. Mama alirekebisha kilemba akijitazama kwenye ile rangi nyeusi, akaingia, akanyoosha mguu wake mbovu. Baba alikuwa anazunguka kwenda kwenye usukani pale mbuzi alipokuja mbio, akaegemeza miguu ya mbele kwenye mlango wa gari la huyo aliyemwomba msamaha, na ukwato ukachora mstari mmoja mrefu, mweupe, toka kitasani hadi chini.

Sote tuliusikia. Baba aliutazama ule mstari, akamtazama mbuzi, akaketi na kuwasha gari.

“Ukae muzuri, mama,” akasema. “Tunachelewa.”