Daraja Moja, Wavukaji Wengi

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mkewe, alisalimiana na kabati la nguo. Alisimama mbele ya kioo cha mlangoni, akakishika kitasa kwa mkono wa kulia, akakibana si sana wala si kidogo, akajitazama machoni na kusema, "Nimefurahi sana kukufahamu." Kisha akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Kitasa kilikuwa kimeshalegea kwa salamu hizo.

"Ukimaliza kufahamiana naye nipishe," mkewe alisema akiwa bado kitandani. "Sare yangu iko humo ndani."

Mtaani walimwita Kocha, na jina lilimkaa vizuri kwa kuwa alijipa mwenyewe. Kabla ya hapo aliwahi kuwa mtu wa kazi nyingi, na zote zilimfia mikononi. Ujanani alikaa kwenye swichibodi ya simu, akiunganisha watu kwa nyaya na sauti nyororo. Ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe. Nyaya zikang'olewa, naye akang'oka nazo. Akafungua duka la kukodisha kanda za video, akalipaka rangi upya mwaka uleule majirani walipoanza kutupa deki zao. Akaingia studio ya picha, akajifunza kusafisha filamu kwenye chumba cha giza hadi macho yakazoea kiza, na alipotoka nje akakuta kila mpita njia ana kamera ndani ya simu. Mgahawa wa intaneti nao aliuingia kwa mbwembwe, wakati wateja wanatoka. Hakuwahi kuikuta kazi ikiwa nzima. Yeye alifika kuaga maiti.

"Shemeji," kaka wa mkewe alimwambia siku moja mbele za watu, "ukipata kazi benki tuambie mapema, tukatoe vyetu."

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Yeye alinuna, akapotea siku chache kwenye semina katika ukumbi wa hoteli fulani, akarudi na cheti kwenye fremu na ulimi mpya. Duka lililokufa likaitwa uzoefu wa ujasiriamali. Kuachishwa studio kukawa kipindi cha mpito. "Nimeongoza mageuzi katika sekta mbalimbali," alisema, na mkewe akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeangukiwa na nyumba nne halafu akajiita fundi ujenzi. Sebule ikawa darasa la watafuta kazi. Makochi yalisukumwa ukutani, televisheni ikahamia chumbani, na mahali pake pakasimamishwa ubao mweupe ulioandikwa KOCHA WA TAALUMA.

Mkewe alifua mashuka ya hospitali. Kutwa alisimama kwenye mvuke, akichomoa mashuka mazito kwenye mashine na kuyabeba hadi kwenye kikaushio, na jioni alipanda ngazi za nyumbani kwa kujishika kiuno. Nafasi ya msimamizi wa dobi ilipotangazwa, ilikuwa mara ya kwanza mumewe kumsikia akitaka kitu kwa sauti.

"Msimamizi ana kiti," alisema. "Mimi sitaki ukubwa. Mgongo umenishinda. Nataka kukaa."

"Hilo usilitamke huko! Hayo ni malalamiko." Kocha alishasimama, kalamu ya ubao mkononi. "Wakikuuliza wewe ni nani, utajibuje?"

"Nitawaambia mimi ni wa zamu ya asubuhi, wananijua. Wenzangu wakigombana huniita mimi. Mashine ikigoma..."

"Wapi! Sikiliza. Sema: 'Mimi ni daraja kati ya jana na kesho ya taasisi hii.' Halafu nyamaza, vuta pumzi, weka kiganja mezani."

"Pale hospitali kuna wodi ya vichaa, mume wangu. Si watanipeleka moja kwa moja?"

"Kwa kujiamini! Rudia."

Alirudia. Alirudia akiosha vyombo, alirudia akifunga viatu, mpaka maneno yakamganda mdomoni. Na kwa kweli alianza kuyapenda kidogo. Alikuwa hajawahi kuitwa daraja na mtu yeyote.

Siku ya usaili walikalishwa kwenye benchi la korido, yeye na wenzake wa dobi, wote wamevaa vizuri na wote wanakwepana macho. Wa kwanza kuitwa alikuwa dada wa pasi, yule anayepiga pasi sare za wauguzi. Mlango ulikuwa mwembamba, ya ndani yakisikika nje.

"Mimi," ilisikika sauti ya dada wa pasi, "ni daraja kati ya jana na kesho ya taasisi hii."

Kimya. Pumzi. Kiganja kikagonga meza, pa!

Mke wa Kocha aliugeukia mlango. Akaitwa mama wa stoo ya sabuni. Daraja, kimya, pumzi, pa! Akaitwa yule binti wa kukunja mashuka. Pa! Kila alipotoka mmoja, ndani kulisikika kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Basi aliingia akiwa ameapa kusema yake, ya zamu na ya mgongo. Wasaili walimuuliza yeye ni nani. Akafungua mdomo, na mdomo ukamsaliti.

"Mimi ni daraja kati ya..."

"Jana na kesho," mzee wa katikati alimmalizia, akivua miwani. "Mama, leo tumevuka madaraja mpaka miguu inauma. Mto wenyewe hatujauona."

Kabla ya saa za kutoka waliambiwa kwamba msimamizi atatafutwa nje. Waliomo ndani, walisema wakubwa, wamekaririshwa.

Walifika nyumbani pamoja, yeye na wenzake watatu. Kocha aliwakunjulia mikono.

"Karibuni mabingwa!" Kisha akaona nyuso. "Kwanza, sote tuvute pumzi."

"Tumeshaivuta huko," alisema mama wa stoo.

"Shemeji, nina swali moja tu," dada wa pasi akaanza. "Tulipokuja kwako kila mmoja kwa siri yake, ulijua kiti ni kimoja?"

"Siri ya mteja ni siri. Ni maadili ya kazi."

"Na mimi?" aliuliza mkewe. "Mimi pia mteja?"

Kocha alipangusa ubao uliokuwa safi. "Jamani, tuelewane. Kanda moja ya video nilikuwa nawapa nyumba hii leo, kesho nyumba ile. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunilalamikia kwamba jirani naye kaiona."

Binti wa kukunja mashuka alitaka kucheka, akamwona mke wa Kocha, akaacha.

"Mimi nilikuwa na maneno yangu," mkewe alisema. "Ulinitoa hayo, ukanitia haya ya kuzungusha. Na kesho narudi kwenye mvuke. Haya, niambie kitu. Kama mimi, si kama darasa."

"Mke wangu, mlango mmoja ukifungwa..."

"Hapana."

"Changamoto ni fursa ambayo..."

"Hapana, bwana. Chako wewe."

Alitafuta. Alitazama ubao, akatazama cheti, midomo ikichezacheza, na katika vyote alivyowahi kusema akiwa kazini hakupata hata kimoja cha kumpa mwanamke mwenye kiuno kibovu. Ghafla akachomoa simu mfukoni na kuiweka sikioni. Haikuwa imelia. Haikuwa hata imewaka.

"Halo? Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo." Akaziba simu kwa kiganja. "Samahanini, mteja mkubwa. Natoka nje kidogo, humu mtandao unasumbua."

Akachukua koti. Walimsikia akishuka ngazi na kurudia, "Bila shaka, mheshimiwa. Hata sasa hivi, mheshimiwa." Mkewe alikwenda dirishani. Kocha alikuwa anavuka barabara, mkono mmoja sikioni, mwingine ukipunga hewani kumwelewesha mtu ambaye hakuwepo. Alifika kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akakata kona, na hakurudi tena.