Tib na Mwaloni Wenye Pango

Ukitaka Hawise akutimue kwake na mwiko mkononi, mwimbie ule wimbo wa jambazi wa msitu wa Sherwood. Wimbo wenyewe nani asiyeujua? Jamaa anawaibia matajiri, anawapa maskini, askari wakimfuata anajificha ndani ya mwaloni wenye pango, wao wanapita, yeye anacheka. Hawise kafuga nguruwe pembeni mwa msitu huo tangu aolewe mpaka kafiwa na mume, na hajapewa na jambazi yeyote hata ukoko wa mkate.

Lakini hasira yake haikutoka hapo. Mfalme ana kulungu wake msituni, na ili mbwa wetu wasiwakimbize, walinzi wake hupita vijijini na gogo na patasi. Mguu wa mbele wa mbwa unawekwa juu ya gogo, patasi inagongwa, makucha matatu yanaruka. Mbwa anabaki kuchechemea maisha yake yote. Sheria gani hiyo, jamani! Kulungu ale shamba lako, halafu mbwa wako ndiye akatwe!

Mbwa wa Hawise aliitwa Tib. Nguruwe walipoingia msituni kula kokwa za mialoni, Tib ndiye aliyewafukuza mbwamwitu, maana Hawise hakuwa na mtoto wala mchungaji. Tib akilemaa, nguruwe wamekwisha. Nguruwe wakiisha, na Hawise kaisha.

Iliposikika kwamba walinzi wamefika kijiji cha jirani, shemeji yake Wilkin, mwimbaji wa kilabuni, akaja mbio.

"Shemeji, mfiche mbwa! Kwenye mwaloni, mle pangoni!"

"Wewe na nyimbo zako. Hebu nitokee hapa!"

"Haya, mpeleke mwenyewe kwenye patasi. Askari wangapi walipita pale wasione mtu?"

Hawise aliitazama miguu ya Tib. Miaka yote aliukejeli wimbo ule, na asubuhi hiyo moja akauamini, akamficha Tib pangoni.

Walinzi walipofika, mkubwa wao, Fulk, hakuuliza kitu. Hata zizi hakulifungua. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwaloni, akainama, akamburuta Tib nje kwa ngozi ya shingo.

"Nani kakwambia?" Hawise alipiga kelele. "Nani huyo mwanaharamu?"

Fulk akacheka, tena kwa raha zake. "Aniambie nani, mama? Kwani wimbo ule sisi hatuuimbi? Kila kijiji tunaanzia kwenye mti wenye pango."

Na kwa kuwa alifichwa, Tib alikatwa makucha ya miguu yote miwili ya mbele.

Jioni Hawise alimbeba mpaka kilabuni, damu ikimchuruzikia kwenye aproni. Wilkin alikuwa kasimama juu ya benchi anauimba wimbo ule, kafika palepale pa mwaloni. Aliyekuwa anaitikia kwa sauti kuliko wote, kikombe cha pombe mkononi, ni Fulk. Wilkin akamwona mbwa. Akaukatiza wimbo.

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji! Mtazame! Njoo uone ulichomfanyia, halafu uniambie wimbo wako una maana gani!"

"Mtoeni huyo na mbwa wake," alisema Fulk. "Na wewe imba, bwana! Umefika patamu."

Kilabu kizima kilimgeukia Wilkin. Hawise naye alimsubiri, Tib akitetemeka kifuani pake.

Wilkin akaimba.