Mwalimu wa Kihispania na Neno la Tatu

Mwalimu wetu wa Kihispania hafundishi neno akiwa amekaa, huliigiza. Ana sauti ya mafua yasiyoisha, na chaki humjaa vidoleni mpaka kwenye pete ya ndoa. Siku ya kutafsiri "leave" ya Kiingereza kwa maneno matatu ya Kihispania, alitoka, akafunga mlango, akarudi: "Salir, kuondoka mahali." Akaweka funguo mezani, akazipa kisogo: "Dejar, kuacha kitu." La tatu, abandonar, kumtelekeza mtu, aliliandika tu ubaoni.

"Mama, hilo mbona huigizi?" akauliza mwanafunzi mwenzetu, fundi bomba, kutoka nyuma, nasi tukaangua kicheko.

Akalifuta taratibu, akaendelea kufuta ubao uliokwisha kuwa mtupu. "Hilo, baba," akasema bila kugeuka, "mimi niliigiziwa."