Gari Mpya ya Kaka

Kwetu Unguja gari mpya si gari mpya. Ni ile aliyoiendesha Mjapani mpaka akaichoka, akaitia melini, ikateremshwa bandarini, na hapa bado haijapata mwenyewe wa mwanzo. Ile mpya ya kweli, iliyotoka kiwandani haijakaliwa na mtu, tunaiita ziro kilomita. Hiyo wanapanda wakubwa; sisi tunaipisha njia tu.

Nayasema haya kwa sababu kaka yangu, mtu mzima na ndevu zake, alinitazama usoni akaniambia, "Dada, nnanunua gari mpya." Nami, mjinga, nikamsadiki.

Marehemu baba naye aliipenda gari. Lakini enzi zake kwa bei ya ziro kilomita ungepata shamba zima Chukwani, maana Chukwani ilikuwa pori, wakienda wakata kuni tu. Baba akapiga moyo konde, gari akaisahau, akanunua kiwanja huko kwa ajili ya mama. Nyumba yetu ya Jang'ombe kila masika huingia maji. Mama hukaa kitandani amekunja miguu kama kuku, na kifua chake hakiwezi unyevu. Baba alitaka ajengewe pakavu, penye upepo. Kiwanja kikaandikwa kwa jina la kaka, kwa kuwa ndiye mwanamme. Mwanamme, ati!

Huyo mwanamme akajenga nini? Hata choo hakujenga. Kila Ijumaa akitoka msikitini anakwenda yadi, anazunguka magari, anauliza bei, anarudi mikono mitupu na hotuba. Mara dola imepanda, mara ushuru, mara meli zinazunguka mbali siku hizi. "Dada, kwa bei ya miaka ile sasa hupati hata milango yake!" Anavyosema kwa majivuno, utadhani bei kaipandisha yeye. Na ardhi ya Chukwani ilikuwa ikipanda mbio kuliko gari, watu wanaigombania, yeye macho hana. Nilipomuuliza lini atamjengea mama, alinijibu, "Kiwanja hakitembei, dada. Gari inatembea, italeta watalii, watalii wataleta nyumba." Ebo! Kiwanja kitembee kiende wapi?

Gari ikaja wakati wa kaskazi, joto limetushika. Viti vyote vimevishwa nailoni, na kaka kakataza isivuliwe, eti upya utatoka. Tukakaa humo jasho linatutiririka, nguo zimetuganda. Alipowasha, mwanamke akasema kitu ndani ya dashibodi kwa Kijapani. Kaka akacheka mpaka magego yakaonekana.

"Umemsikia? Mpya hii! Hata Kiswahili bado haijakijua."

Nikapeleka mkono chini ya kiti, nikatoa kibanio cha nywele cha mtoto, chekundu, kimevunjika jino. "Na hiki nacho kipya?"

"Wivu tu huo, dada."

"Wivu wa kibanio? Haya, niambie, pesa umezipata wapi?"

Hapo akaanza kufuta usukani. Akafuta, akafuta. Kisha akasema, chini chini, "Kiwanja." Alishakiuza miezi mingi nyuma, pesa zishakwenda Japani, na mie ndo kwanza nasikia. Lahaula! Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nnayo. Ardhi ya baba, kwa gari iliyochokwa na watu! Nikamwambia ashuke, aende kwa mama akamwambie mwenyewe kwa ulimi wake.

"Ntamwambia," akasema.

Mama akatoka mlangoni na kanga yake, akaizunguka gari, akaipapasa. "Mashaallah, mwanangu. Mpya?"

"Mpya, mama."

"Basi nipelekeni Chukwani nikakitazame kiwanja changu, masika hayajaingia."

Nikamtazama kaka. Nilitaka aseme pale pale. Akamfungulia mama mlango, bwana mkubwa, akampandisha mbele. Njia nzima mama anasifu ubaridi wa kiyoyozi, na kaka anamwambia, "Naam, mama. Naam."

Tulipofika, kiwanja hakikuwa kitupu tena. Kuta zishafika usawa wa madirisha, mafundi wanachanganya zege. Mama akashuka bila ya kushikwa. Akasimama, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtetemeka.

"Kumbe ulikuwa ukinificha! Mie nakuona mvivu, kumbe unanijengea!"

Akainua mikono, akamwombea dua ndefu, riziki, umri, pepo, na mafundi wa watu wakasimamisha kazi wakaitikia amin. Mie namtazama kaka tu, nasubiri afungue mdomo.

Mama akajifuta machozi. "Chumba changu kipi, mwanangu?"

Kaka akanyoosha kidole, akamwonesha kile cha upande wa bahari.