Magazini za Bi Inshirah

Bi Inshirah alikaa ghorofa ya nne, juu yangu, katika nyumba za wafanyakazi kule Helwan, nje ya Kairo. Magoti yalikuwa yamemchakaa, basi kushuka ngazi ilikuwa safari ya mara moja kwa wiki. Hakuolewa. Mchumba wake alikwenda Kuwait kutafuta mahari, akaoa hukohuko.

Miaka ishirini na saba alifanya kazi kwenye kiwanda cha silaha, meza ya ukaguzi. Waitaliano walitoa ruhusa bastola yao itengenezwe kwetu, wakaleta michoro na fundi mmoja wa kuwafunza watu. Huyo fundi alimwambia Bi Inshirah kwamba magazini ya Misri, kile kisanduku cha risasi, ikikataa kuingia kwenye bastola ya Italia, basi hiyo si nakala, ni mfano tu. Neno hilo alilishika kama wosia. Baadaye Wairaki nao wakapata ruhusa yao, lakini yeye alikuwa amekwisha kustaafu.

Mwaka tisini na nne alikuja kapteni mmoja, Wagdi, wa klabu ya shabaha ya maofisa. Alipandisha kasha la magazini tupu na bastola tatu zisizo na risasi: ya Italia, ya kwetu na ya Iraki. Magazini zilikuwa zimechanganyika, nyingine zinakwama, nyingine zinadondoka zenyewe, na pale klabuni hakuna aliyejua ipi ni ya wapi.

Bi Inshirah alitandika gazeti mezani, akaanza. Alizijua kwa kidole: ukingo uliopigwa msasa, springi ngumu, tundu la kishikizo lililokaa juu kidogo. "Hizi ni ndugu wa baba mmoja," alimwambia, "ila kila mmoja kalelewa na mama yake." Nyingi ziliingia kote. Chache zilikubali bastola ya kwao tu, na hizo alizitia alama ya chaki.

Siku ya pili alipika mulukhiya, mchuzi wa mlenda, kwa nyama ya sungura. Harufu ilishuka mpaka kwangu. Kapteni alikula vijiko viwili huku amesimama, kwa adabu.

Siku ya tatu nilikuwepo, nimepeleka mkate. Nilimwona Bi Inshirah anachukua magazini kutoka fungu lenye chaki, anaipima upya, polepole, halafu inayofuata. Kapteni alitazama saa.

"Hajja, hizo si ulizipima jana?"

"Nilizipima."

"Basi tumemaliza."

"Tumemaliza tangu jana adhuhuri, mwanangu," akasema, bila kuinua macho.

Kapteni akavua kofia. Akaomba chai, akaketi hadi alasiri akimsikiliza akisimulia habari za fundi Mwitaliano na mvua za Brescia, mji wa fundi huyo, ambazo Bi Inshirah hakupata kuziona. Ndipo akamwita askari wake, wakashusha kasha.

Asubuhi ya nne nilipanda kurudisha chekecheo. Alikuwa amevaa gauni lake la kazini, la bluu, gazeti limetandikwa mezani.

"Kuna wengine wanakuja?" nikauliza.

"Hakuna. Nimekaa tu. Keti."

Nikaketi. Akaanza kunieleza tofauti ya springi, nami nikaitikia, ingawa sikuelewa hata nusu. Ilipokaribia saa sita nikamwambia lazima nikamchukue binti yangu shuleni. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akaushika mlango wazi muda wote nilipokuwa nashuka, hadi nilipofika chini.