Siku Babu Alipofanywa Msimamizi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. Mteja akilalamika kwamba gauni limembana, yeye humjibu, "Gauni halijapungua, mama. Kaiulize sahani." Na bado wanarudi.

Kila mwaka ukoo mzima hukutana kwake kukumbuka siku Babu alipofanywa msimamizi wa kiwanda cha sabuni. Tunavaa sare alizoshona yeye, tunakula mpaka tunalegea, halafu Shangazi anasimulia jinsi wafanyakazi walivyogoma, Babu peke yake akabaki kwenye mashine. Naipenda siku hiyo kuliko zote.

Mwaka huu mama mmoja mzee alileta gauni lipunguzwe. Akaona sare zimetundikwa, akauliza ni za sherehe gani. Shangazi akamweleza kwa maringo. Mama yule akaliweka gauni lake mezani.

"Siku hiyo ndiyo baba yangu alipofukuzwa kazi," akasema, "yeye na wenzake kumi. Majina yao aliyapeleka ofisini huyo msimamizi wenu."

Shangazi alitaka kumtoa nje. Kilichomzuia ni jambo tulilolijua sote: Babu, enzi za uhai wake, hakuwahi kuisikiliza hadithi ile mpaka mwisho. Ikifika kwenye mgomo, aliinuka akaenda uani. Sisi tukasema ni unyenyekevu.

Shangazi alipomweleza baba yangu, ambaye ni mdogo wake, kwamba mwaka huu atayasimulia na hayo, Baba alifura. "Marehemu hasemwi, dada. Ukithubutu, mimi na wanangu hutatuona tena hapa."

Siku ikafika. Shangazi alimketisha yule mama kando yake, akasimama, akasimulia yote. "Baba alitulea vizuri, nampenda," alisema. "Na wenzake aliwauza. Yote mawili ni yake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Alisimama pale muda mrefu, ametupa mgongo. Kisha akageuka, akamwendea mgeni ambaye hakuwa amemsalimu tangu afike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hao wenzake kumi wa baba yako, watoto wao unajua wanakoishi?"

"Wa wawili najua."

Baba akavuta kiti, akaketi. "Basi nielekeze," alisema. "Kesho niende."