Kapu la Abonema

Mwanangu alipokaribia miaka arobaini, niliingia kwenye kibanda cha simu hapa kwetu Rumonge, karibu na pale mabasi ya kwenda Bujumbura yanapopakia, nikamwambia dada anayeuza mle kwamba natafuta zawadi ya mtu mzima ambaye ana kila kitu.

"Mama, mumulipie abonema ya tivi," akasema, yaani malipo ya kila mwezi. "Mupira yote ataona. Kila mwezi inaingia yenyewe, hata hajaomba."

Hata hajaomba. Maneno hayo yalinikaa moyoni. Kwa miaka mingi ni mimi ninayeomba: naomba anipigie, naomba aje, naomba aniambie kama bado kichwa kinamuuma. Leo nasikia kuna kitu kinachomwendea mtu kila mwezi bila yeye kumbembeleza yeyote. Nikamshukuru yule dada, nikamwambia nitafikiri.

Kwetu hatukuzoea sherehe za kuzaliwa. Babu zangu walitoka Kongo na tasbihi zao, na hata tarehe walizozaliwa waliziacha hukohuko. Lakini arobaini si umri wa kupita kimyakimya. Shehe wetu husema mtu akifika hapo akili yake imetimia, na Kitabu kimemwekea dua ya kushukuru ambayo ndani yake wametajwa wazazi wake. Nilikuwa nimeisubiri dua hiyo. Mume wangu yuko makaburini, kwa hiyo mzazi aliyebaki wa kuisikia ni mimi, na masikio yangu bado mazima.

Bujumbura, anakoishi mwanangu, si Ulaya. Basi likipata mafuta, unatoka Rumonge asubuhi, unapita Muhuta, na kabla ya adhuhuri umeshafika. Ningekuwa na mtoto Kanada ningesema bahari imetutenga, na majirani wangenihurumia. Wangu yuko hapo tu, ofisini, na Idi mbili zimepita hajaja. Kila mara jibu lake ni esansi, yaani petroli. Esansi iko shida, mama. Ni kweli ni shida, foleni za magari naziona hata hapa. Lakini nawaona pia watoto wa wenzangu wakishuka kwenye mabasi hayohayo, wamebeba mikate kwapani.

Mimi ni mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo ambao watu wa Kigoma huwaita dagaa. Nawanunua wabichi ufukweni, nawaanika, nawauza wakavu. Kutwa nzima nikiwageuza juani niliipima ile zawadi. Mpira? Nikimpigia simu, huo ndio ninaousikia kwanza, yeye baadaye. Mimi naeleza habari za mgongo wangu, yeye anajibu "ndiyo mama", na nyuma yake watu wanashangilia goli. Nimlipie mpinzani wangu azidi kupiga kelele? Sikubali. Intaneti anayo, na ndiyo inayomfanya ainamishe kichwa hata akiwa mbele ya sahani yangu. Gazeti nililiulizia, yule dada akacheka, akasema siku hizi nani anasoma karatasi.

Basi nikaamua abonema itakuwa mimi mwenyewe. Kila mwezi nitampelekea kapu la ndagala wa kwanza wa giza, wale wanaopatikana boti zinaporudi kazini baada ya mbalamwezi, na chupa ya mawese mapya juu yake. Nikampigia kumwambia.

"Abonema ya nini, mama?"

"Ya ndagala."

Alicheka. Kicheko chake hakijazeeka hata kidogo. "Sawa, mama. Murakoze sana," akashukuru.

"Siku ya aniverseri yako kapu la kwanza litakuwa mezani," nikamwahidi.

Hapo nilijikwaa. Nilihesabu kwa kalenda ya ukutani, mimi ambaye maisha yangu yote nimehesabu kwa kutazama juu. Siku yake ya kuzaliwa iliangukia mwezi mpevu. Kwetu ndagala huvuliwa usiku kwa taa, zinawavuta. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa, samaki wanatawanyika, na boti zinalala mchangani mpaka giza lirudi. Hata mtoto wa kijijini Gatete, asiyewahi kuvua, anajua hivyo. Furaha ilinipumbaza. Wenzangu walikuwa na ndagala wa zamani kwenye magunia, lakini wa gunia simpi mwanangu. Siku yenyewe nikampigia nikiwa mikono mitupu. Alikuwa kikaoni. Nikamwombea peke yangu, nikapika pilau ya mtu mmoja, ambayo haipikiki vizuri.

Giza liliporudi nilituma. Nilimkabidhi kapu konvwayeri wa basi, mtu wa makamo anayekusanya nauli na kufunga mizigo, mwenye sauti iliyokwaruzwa na kuita abiria. Jioni nikampigia mwanangu, akaniambia: "Zimefika, mama. Murakoze." Kesho yake konvwayeri akanirudishia kapu. Lilikuwa limeoshwa, limekaushwa, na ndani hamna kitu.

Msomaji wa mbali ataniuliza kosa liko wapi. Kwetu ukiletewa chakula, hurudishi chombo kikiwa kitupu. Unaweka chochote: ndimu, kipande cha sabuni, chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Mwenye chombo hajali umeweka nini, anajali kwamba mkono wako ulifikiri kabla ya kukirudisha. Mwanangu ndiye aliyekuwa akizipeleka sahani zangu za futari kwa majirani, na alipozirudisha alikuwa ameshalamba sukari waliyoiweka. Desturi hii aliijua kwa ulimi.

Nikasema labda ni haraka. Mwezi uliofuata, kapu tupu. Uliofuata tena, tupu. Nikaanza kulipokea kwa kuligeuza na kulikung'uta, labda kuna ndimu imekwama pembeni. Jirani aliniona, akauliza natafuta nini. Nikamwambia mchanga.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mwezi ulipojaa tena sikusubiri giza. Nililichukua kapu hilohilo bila kutia chochote, nikalifunika kwa kitambaa safi, nikakishona kitambaa kuzunguka mdomo kama kawaida yangu, nikalipeleka kwenye basi.

"Leo iko nyepesi, mama," konvwayeri akasema.

"Peleka tu."

Jioni simu ililia. Alipiga yeye. Sikumbuki ni lini aliwahi kuanza yeye.

"Mama, kapu imefika tupu! Batu ya basi balikuibia. Yule konvwayeri nimeshamupigia, kesho niko parikingi, atanieleza!"

Niliketi kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiandaa kusikia aibu yake, hata radhi yake. Sikufikiri kwamba angesimama kunitetea. Na nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kwa muda mzima ambao mtu asiye na hatia alikuwa akiitwa mwizi kwa ajili yangu.

"Mwache yule baba," nikasema mwishowe. "Hakuna mwizi. Nimetuma tupu."

"Tupu? Kwa nini, mama?"

"Ndivyo unavyonirudishia."

Tivi yake ilikuwa ikiongea nyuma, kisha ikazimwa. Hilo nililisikia vizuri.

"Nilisahau, mama," akasema polepole. "Kweli nilisahau. Mimi naona kapu ni ya kurudisha tu. Namwambiaga wa kazi aioshe vizuri."

"Linaoshwa vizuri sana."

"Sasa niweke nini? Uko na shida ya nini?"

Sukari ninayo. Sabuni ninayo. Wakati huo ndipo nilipoona kwamba zawadi ile ya arobaini nilijichagulia mimi. Nilitaka kitu kinachonijia kutoka kwake kila mwezi, hata sijaomba. Na kitu kama hicho ukikitaja tu, umeshaomba. Nikamwambia nina maharage jikoni yanaungua, nikakata simu. Hapakuwa na maharage. Nilikaa palepale kwenye mkeka, nikalia kwa upweke wangu wote, bila kuona haya kwa sababu hapakuwa na wa kuniona.

Asubuhi nilimwendea konvwayeri kumwomba radhi. Akasema ameshazoea, kila siku yeye ndiye mwizi wa mtu fulani.

Giza liliporudi nilituma kapu limejaa, maana abonema ni abonema. Lilirudi siku ya Ijumaa, jepesi kama siku zote, na nusura nilitundike ukutani bila kuangalia ndani. Mlikuwa na shati lake jeupe la ofisini, limekunjwa vibaya, halina kifungo cha pili kutoka juu. Hapakuwa na kitu kingine. Nikampigia.

"Sikujua niweke nini, mama," akasema. "Kifungo ilitoka. Fundi iko hapa mlangoni kwetu, lakini..." Akaendelea upesi: "Usifanye haraka. Utalirudisha na kapu."

"Na wewe utakuja lini?"

"Esansi, mama."

"Najua."

Nilitafuta kwenye kopo langu la vifungo mpaka nikapata kinachofanana, nikakaa mlangoni penye mwanga. Shati lilikuwa na harufu ya sabuni ya nyumba nisiyoizoea. Kushona kifungo ni kazi ya muda mfupi tu, na mpaka giza lingine palikuwa bado mbali. Nikakishona, nikakikata, nikakishona tena.